Mwanamke wa Jiwe Aliyenuna Kama Wewe

Mdogo wangu Mwanaisha,

Ulininunia mpaka hukunisindikiza uwanja wa ndege, lakini salamu nakupa. Mwandishi ni mjukuu wetu Salma, maneno ni yangu.

Jana alinipeleka Rockville, mji wa huku ughaibuni, kwenye soko la vitu vya kale, nikakuona huko: mwanamke wa jiwe jeusi, kachongwa na Wainuiti, watu wa nchi za barafu, mtoto mgongoni, midomo imevimba kwa hasira. Nikamtaka. Basi nikaanza kumtia ila, kama tufanyavyo sokoni.

"Shingo hana. Makalio yamemzidi. Na mnuno huo nani atakaa nao?"

Salma akamtafsiria mzee muuzaji. Mzee akaitikia kwa kichwa: "Kweli, huyu mbaya. Nakupunguzia."

Damu ikanipanda. "Mwambie anamtukana ndugu yangu."

"Bibi, hilo ni jiwe."

"Tafsiri."

Nikalipa bei yake yote, sikutaka upunguziwe hata senti.

Sasa yuko mezani, ananikazia jicho lako la siku ile uliponinunia. Yeye jiwe, kimya chake nakielewa. Wewe una simu. Nipigie, mama, nimekukumbuka hata chakula hakipiti.

Dada yako,
Fatuma