Ng'ombe wa Bwana Colin

Kaskazini mwa Uingereza,
Jumamosi, 14 Aprili 2001

Kwa Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na Mama na ndugu yangu Mutugi, pamoja na majirani wote wa kwetu Runyenjes. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba mvua imeanza kunyesha vizuri huko juu kwenye majani chai. Mimi mwilini ni mzima. Nakula vizuri, na baridi nimeizoea hata natoka nje bila kofia. Nimeanza na hilo ili Mama asishtuke utakapomsomea haya mengine.

Najua mmeshangaa kwa nini nimenyamaza hivi. Ugonjwa wa miguu na midomo umeingia kwa mifugo ya nchi hii, labda mmesikia kwenye redio. Shule tuliyobadilishana nayo wanafunzi iko mjini, lakini familia niliyopewa nikae nayo, Bwana Colin na mkewe Maureen, ni wafugaji, na wafugaji waliambiwa wasitoke shambani wasije wakaueneza. Kwa hivyo sijaingia darasani tangu mwezi wa tatu. Mwalimu anayesimamia wanafunzi wageni, Bi Helen, hunitumia masomo kwa posta. Tarishi hafiki mlangoni. Anaacha kila kitu kwenye ndoo langoni, mahali palipotandazwa nyasi kavu zilizoloweshwa dawa, kisha anaondoka haraka kama mtu anayeogopa mbwa.

Baba, ungempenda Bwana Colin. Ni mrefu, uso mwekundu, na maneno yake ni machache kama yako. Hawakujaliwa watoto. Mwezi wangu wa kwanza hapa alikuwa akinisalimu asubuhi tu, basi. Halafu siku moja akanikuta nikimkuna ng'ombe chini ya shingo, namna unavyomkuna Gatune wetu, akasimama akaanza kuniuliza maswali. Nikamweleza jinsi tunavyokata nyasi za nepia kando ya mto, na jinsi Mutugi anavyopeleka maziwa kwa baiskeli. Alicheka sana nilipomwambia kwamba nyumbani ng'ombe ni mmoja, na ana jina, na ana hasira. Tangu hapo jioni zote tulikuwa tukikamua pamoja. Yeye ana mashine, lakini ng'ombe hao niliwaita kwa Kiembu, kama Mama anavyoita, na walizoea wakawa wanakuja.

Ugonjwa ulipoanza nilimwambia kwamba hata kwetu uliwahi kuingia nilipokuwa shule ya msingi, chifu akafunga soko la mifugo, nawe ukawa unamwosha Gatune mdomo na kwato kwa maji ya chumvi mpaka akapona. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema anajua, hata hapa wengi wangepona, ila sheria ya huku ni kuua. Hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu anayesoma tangazo.

Wa kwake hawakuugua, Baba. Hata mmoja. Aliyepatwa ni jirani wa ng'ambo ya mto, na siku iliyofuata simu ikalia: shamba linalopakana na lenye ugonjwa, mifugo yake yote inauawa pia. Maureen alipokea simu, akabaki ameishika baada ya yule mtu kukata.

Asubuhi ya siku yao ya kuuawa Bwana Colin aliwakamua kama kawaida, akawaosha viwele, akawapa chakula kizuri. Maziwa yote akayamwaga. Watu wa serikali walipofika wakiwa na mavazi meupe, ng'ombe waliwaona wakakataa kuingia zizini. Wakaanza kukimbia na kuteleza, na daktari wa mifugo, dada mmoja kijana, akasema hivyo watateseka zaidi. Bwana Colin akanigeukia. Alisema, "Nelius, waite wewe. Watakuja kwako."

Nikawaita. Baba, walikuja wote. Walikuja wakinifuata kwa utulivu, wengine wakininusa mkono. Nilipofika mwisho wa zizi yule daktari alinishika bega akaniambia niende ndani, naye alikuwa akilia. Nilikaa jikoni na Maureen, redio tumeifungulia sauti ya juu, lakini risasi tulizisikia. Bwana Colin yeye hakutoka hapo zizini. Alikaa nao mpaka wa mwisho. Baadaye waliuawa kondoo na wanakondoo, na mioto ya kuchomea mizoga katika bonde hili inawaka mpaka leo. Nguo zangu zote zinanuka moshi.

Sasa nataka hapa uache kumsomea Mama.

Bwana Colin hazungumzi tena. Saa za kukamua zikifika anaenda kwenye chumba cha kukamulia, anawasha mashine, anakaa kwenye ndoo akiisikiliza. Juzi tulipata habari kwamba rafiki yake wa bonde la pili amejiua kwa bunduki. Siku hiyohiyo Maureen alikuwa akimenya viazi, akakiweka kisu chini, akanipa ufunguo wa kabati la chuma wanamoweka bunduki ya kufukuzia kunguru. Akaniambia kwamba mumewe akimwomba yeye, hataweza kumnyima, hajawahi kumnyima kitu. Na polisi wakiitwa kuichukua, atajua kwamba mkewe amemwogopa, na hilo ndilo litakalommaliza. Akasema, "Lakini kwako ataona haya. Hawezi kumwomba mtoto."

Jana, Ijumaa Kuu, aliniomba.

Aliingia jikoni, kofia mkononi, akauliza kwa upole kama nimeuona ufunguo. Alisema kunguru wanawasumbua wanakondoo. Baba, hakuna wanakondoo. Ufunguo ulikuwa kwenye soksi yangu. Nikasema sijauona. Akanishukuru, akatoka. Nikamfuata. Nilikaa karibu naye kwenye kile chumba cha kukamulia, mashine ikinguruma bila ng'ombe, na maneno yote ya Kiingereza niliyofundishwa yakanipotea. Niliishia kumshika mkono wa koti, nikaushikilia mpaka Maureen akatuita kunywa chai.

Bi Helen amepiga simu leo. Wamepata ruhusa ya kunitoa, na Jumatano atakuja kunichukua anirudishe nyumbani, kwa sababu hapa si mahali pa mtoto. Nilimwomba aniache. Akasema nimefanya vya kutosha, kwa sauti ya kunisifu. Sikumwambia habari ya ufunguo, maana Maureen aliniapisha. Ninaugusa ninapoandika. Ningependa kukuuliza wewe nifanye nini, lakini utakapoisoma barua hii, Jumatano itakuwa imepita, na huenda nitakuwa nimeshafika kwetu kabla yake. Sijui ufunguo nimwachie nani.

Endelea sasa kumsomea Mama. Mwambie nimemkumbuka, na kwamba Maureen ameniokea mkate wa Pasaka, tutaula kesho sote watatu. Msalimie Mutugi, na waumini wa kanisani, waambie waniombee, na wamwombee mkulima mmoja anayeitwa Colin.

Ni mimi binti yako,
Nelius Mbogo