Kalenda ya Chooni

Zwolle, Novemba 1994

Dada Hilletje,

Huko Kanada najua ni theluji. Huku ni mvua tu, na mimi nimechoka hoi. Tumepimwa damu, tumeulizwa hata tunavyogombana, yote kwa ajili ya kumwasili mtoto wa Kolombia ambaye hatujaiona hata picha yake.

Jana afisa wa ustawi wa jamii alikuja kukagua nyumba. Akauliza kama tumepoa tangu tumzike mwanetu. Unamjua mume wangu Wiebe: tangu mazishi hajamtaja Jelle kwa jina. Akajibu, “Tumeshapoa, mama,” huku akimpa biskuti ya pili, ukarimu ambao hata wewe hajawahi kukufanyia!

Mama yule akaomba kwenda chooni. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilisugua nyumba hadi vitasa, nikasahau kwamba kalenda yetu ya siku za kuzaliwa inaning'inia humo, kama kwa kila Mholanzi, na jina la Jelle bado limo.

Aliporudi akauliza taratibu, “Na huyu mpya mtamwandika wapi?”

Nikafungua mdomo, Wiebe akaniwahi.

“Humohumo, na kaka yake,” akasema. “Na Jelle.”

Ripoti itatoka Januari. Kwa mara ya kwanza sina haraka nayo.

Mdogo wako,
Fenna