Wafula Anafundisha Wageni Melini

Jumanne, Kitale

Na alikuwa anatabasamu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwenye video aliyonitumia leo, mume wangu Wafula yuko kwenye meli ya watalii anakofanya kazi, na wanafunzi wake, wageni ambao hawajawahi kuchonga picha kwenye ubao na kuichapa kwa wino. Ameshika mkono wa nyanya mmoja anamwonyesha kuchonga. Patasi ikateleza, ubao ukaharibika. Wafula akamwambia, "Hakuna shida, jaribu tena polepole."

Polepole! Tangu tuoane hajaniruhusu hata nishike patasi zake. Ati nitazifanya butu.

Mama mkwe akapiga simu kutoka Bungoma, amejaa furaha. "Umeona mtoto wangu kwa meli? Anafundisha watu hawajui kitu, na hakasiriki!"

"Nimeona, mama," nikasema. Nilitaka kulia.

Yule nyanya hanisumbui. Ninachoonea wivu ni ule upole. Kumbe anao, na mimi sijawahi kuonjeshwa.

Jioni nilifungua sanduku lake la kazi. Nikachonga ng'ombe wetu kwenye kipande cha mbao, nikapaka wino, nikalaza karatasi juu na kuisugua kwa kijiko. Ng'ombe alitoka na miguu mitatu, lakini ni ng'ombe kabisa. Nikampiga picha, nikamtumia Wafula bila neno lolote.

Akajibu papo hapo: "Hiyo ni kazi ya nani? Nani anakufundisha?"

Sasa anapiga simu, na hii ni mara ya pili.

Acha iite kidogo.