Maua Uliyomwachia Somoe

Mama yangu,

Shikamoo. Marahaba yako nilizoea kuisikia ikitoka uani kabla sijavua viatu, kwa hiyo leo naiweka mwenyewe mahali pake na kuendelea. Nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, hapa Rasbura, Lindi. Cherehani nimeifunika, gauni la watu halijatiwa mikono, na mwenyewe anakuja kulifuata kesho. Atasubiri. Nina jambo limenikaa kooni tangu tulipokuzika na sina mwingine wa kumwambia.

Nina wivu, mama. Nasema wazi kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Namwonea wivu Somoe, mke wa kaka Hamisi, wifi yangu mpole ambaye hajanikosea lolote. Namwonea wivu kwa ajili ya maua yako. Mwanamke mzima, watoto watatu, nimenuna kwa ajili ya maua yaliyooteshwa kwenye sufuria mbovu. Cheka tu.

Unazikumbuka zile sufuria? Kwetu Tingi hakikutupwa kitu. Sufuria ikitoboka na fundi akishindwa kuiziba, ulikuwa unaihamishia nje chini ya upenu, unaijaza udongo na kuipa kazi nyingine. Zilikuwa tisa wakati naolewa. Ndani yake uliotesha yale maua ambayo sisi nyumbani tuliyaita maua ya alasiri, maana asubuhi na mchana hujifumba, na jua likianza kulegea ndipo hufunguka, mekundu, ya njano, mengine yana rangi mbili kwenye ua moja. Mbegu zake nyeusi, za mviringo, asiyezijua angezitia kwenye pilau akidhani pilipili manga. Ulikuwa unanituma, "Zuhura, hebu katazame kama maua yameamka, kisha niletee maji ya udhu." Nami natoka, natupa jicho, narudi: "Bado." Siku nyingine hata kutoka sikutoka. Nilikudanganya nikiwa nimekaa zangu jikoni, na nadhani ulijua.

Siku moja ulinitilia mbegu kiganjani ukaniambia nizipande mwenyewe. Nikakujibu, "Mama, maua hayaliwi." Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikuwa na akili ya kitu chochote zaidi ya nguo na mishono. Ukacheka. Ukazirudisha kwenye pindo la kanga yako na kufunga fundo. "Haya," ukasema, "siku ukizitaka utaniomba." Sikukuomba.

Kisha kaka akaoa. Somoe alishuka kutoka milima ya Kipatimu na sanduku lake na Kimatumbi chake, haya tele, na samaki hajui kumpasua. Mimi ndiye niliyemfundisha kupasua samaki, mama, hilo usilisahau. Lakini Idd ya kwanza niliyokuja kuwasalimia kutoka Lindi nilikoolewa niliwakuta mmechuchumaa wawili mbele ya sufuria, mnanong'ona kama watu wanaopanga posa. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Nikakusikia ukimwambia, "Usiididimize sana, mwanangu, ikienda chini itachoka njiani." Mwanangu! Nilisimama pale na mfuko wangu wa tende, hakuna aliyeniona. Ilibidi nikohoe.

Miaka ikaenda. Baba akafariki, kisukari kikakushika, halafu kumbukumbu zikaanza kukutoka kidogokidogo. Si kwamba sikuja kukuona. Nilikuja kila Idd, na katikati ya mwaka nilikuja tena, siku mbili, siku tatu, kisha nikarudi kwa mume na watoto na nguo za watu. Somoe ndiye aliyekuwepo siku zote. Aliyekuogesha ni yeye, aliyekulisha ni yeye, na nilipokuwa nafika alikuwa ananipisha, anajipeleka jikoni na kukaa huko. Nilidhani ni maringo.

Nataka nikukumbushe siku moja, ingawa najua hata ungekuwepo usingeikumbuka. Nilikuwa ndani nazikunja nguo zako. Nikakusikia uani ukiita, "Zuhura! We Zuhura!" Nikatoka mbio, "Abee, mama!" Ukaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, kwa adabu kabisa, ukasema, "Karibu mgeni. Keti." Hapo Somoe akatokea na kopo la maji, na uso wako wote ukakunjuka. Ukamshika mkono. Mimi nikakaa kwenye kigoda ulichonikaribisha, nikawatazama mnavyomwagilia, nikayatazama maua yale mpaka macho yakaniuma. Nikajiambia, ameniita mwenyewe, nimekuja, na bado anayemtaka ni huyu.

Ulipofariki na arobaini yako ilipokwisha, kaka Hamisi alisema vitu vya ndani tugawane, ila sufuria za maua zibaki pale pale, Somoe ndiye anayezijua. Watu wote wakakubali. Nami nilikubali kwa kichwa tu. Nikapewa kanga zako, nikarudi Lindi nimezipakata kwenye basi, na njia nzima nilikuwa naziwaza sufuria zilizotoboka.

Halafu Somoe akaanza kuyapiga picha. Karibu kila alasiri anayaweka kwenye status ya simu yake: "Maua ya mama yanawasalimu." Nayakuza kwa vidole viwili, nachunguza kama kuna jani hata moja lililoliwa na wadudu. Hakuna. Sikumjibu hata siku moja, mama. Hata kile kidole gumba cha kusema nimeona, sikumpa.

Basi siku nilipozifua kanga zako nikakuta fundo kwenye pindo la ile ya zambarau. Nililifungua kwa meno. Ndani zilikuwamo mbegu kumi na moja. Nilikaa chini pale kwenye beseni la nguo, mikono ina povu, nikajua nitafanya nini. Nitayaotesha hapa Rasbura, yatachanua, nitayapiga picha, na Somoe naye ayakuze kwa vidole viwili.

Ila sikuwa na sufuria mbovu hata moja. Nikachukua moja nzima na msumari, baba Nasri akanishika mkono. "Mke wangu, utatoboa sufuria nzima kwa wivu?" Nikamwambia si wivu, ni maua. Akaniletea dumu la mafuta ya kula, akalikata katikati, akanitobolea matundu chini, na ndoo ya rangi akaitoboa pia. Udongo niliuchota chini ya mkorosho wa jirani. Nikapanda nane, tatu nikazifunga tena kwenye pindo. Siku ya tatu nikafukua moja nione kama imeamka. Siku ya nne nikafukua nyingine. Usinigombeze, sikuwa na wa kuniambia. Siku ya tisa nilikuta sita zimeinua udongo, kila moja na majani mawili manene, nikapiga kelele mpaka baba Nasri akatoka na kisu mkononi akidhani ni nyoka.

Sasa nikuambie nilivyoyaua. Nilikumbuka kwamba maji ya kuoshea samaki hukuyatupa hata siku moja. Uliyamwagia maua, ukisema yanayapa damu. Nami nikataka kufanya kama wewe. Lakini wiki zile samaki wabichi walikuwa hawashikiki, tulikuwa tunakula ng'onda, wale wanaopasuliwa na kutiwa chumvi na kuanikwa. Nikawaroweka tangu asubuhi, kutwa nzima, na yale maji mazito nikayagawa kwa haki, kila mche kopo moja. Kesho yake nikaongeza. Siku ya tatu majani yalikuwa yameungua pembeni, na juu ya udongo umetoka unga mweupe. Baba Nasri akautia kidole, akaulamba. "Mama Nasri," akasema, "chumvi umeshatia. Bado ndimu." Nikamwangalia tu. Aliona macho yangu, akaacha utani na kuingia ndani. Nililia juu ya lile dumu, mama, kuliko nilivyolia msibani, maana msibani nilikuwa na wageni wa kuwapikia.

Zikabaki tatu. Hizo zikifa, kwangu hakuna tena kitu kilichotoka mkononi mwako. Wa kunieleza nilikosea wapi alikuwa mtu mmoja duniani, na ndiye niliyekuwa sitaki kumuuliza. Nilikaa na fundo lile wiki nne. Mwisho nikapanda basi mpaka Nangurukuru, nikachukua bodaboda, huyo nyumbani.

"Shikamoo, wifi! Mbona hukupiga simu? Ningekutafutia hata samaki."

"Marahaba. Nimekuja kusalimia tu."

Nilisalimia mpaka chai ikapoa. Sufuria zako zote zilikuwa pale chini ya upenu, zimefurika. Nikasema nikiwa nimegeukia ukuta, "Nilikuwa na miche. Imekufa."

"Wifi, kumbe nawe unaotesha? Ulikuwa unaimwagia nini?"

"Maji ya samaki. Kama mama."

"Samaki gani?"

Nikakoroga chai iliyokwishapoa. Akaniuliza tena. "Ng'onda," nikasema.

Somoe alicheka mpaka akakaa chini. Nikachukua mkoba wangu, naapa, nilikuwa naondoka. Akanishika kanga. "Usikasirike, wifi. Nami mwaka ule samaki walipoadimika niliyaua hivyo hivyo, sufuria mbili. Mama alinijia juu! 'Zuhura we, maji ya samaki wabichi! Mara ngapi nikwambie?'"

"Zuhura?" nikamuuliza.

Kicheko kikamwisha. "Wifi, hivi hukujua?"

Ndipo akaniambia. Kwamba tangu kumbukumbu zilipoanza kukutoka, hukumwita Somoe tena. Mwanzo alikuwa anakataa, anakuambia, "Mama, mimi Somoe," nawe unahangaika, unataka kutoka barabarani ukanitafute. Basi akaanza kuitika. Abee, mama. Unatulia. Miaka miwili. "Ulipokuwa unakuja nilikuwa nakimbilia jikoni kwa haya," akasema. "Ningekuambiaje kwamba naitika jina lako na mwenyewe upo?" Kisha akafuta mikono yake kwenye nguo, ingawa haikuwa na kitu. "Nilimwogesha, nilimlisha, wifi, na amekwenda hajui jina langu. Mungu anisamehe, nakuonea wivu."

Nikamuuliza habari ya zile mbegu zilizokuwa kwenye kanga. Akasema ulizifunga kwa mkono wako. Ulisema apewe yule mgeni wa Lindi, kwa sababu kila akija anayatazama maua mpaka anatia huruma.

Alitaka kunipa sufuria zote tisa. Nilichukua moja, ile yenye mdomo uliobonyea, uliyokuwa unatupikia uji. Nilirudi nayo kwenye basi mapajani, watu wananitazama, sikujali. Nilizipanda mbegu zangu tatu humo, sikuzididimiza, sikufukua hata moja, na maji yake yalikuwa ya samaki changu aliyevuliwa asubuhi ile ile. Zimeota mbili. Leo, kabla sijaanza kukuandikia, la kwanza limefunguka, la njano lenye michirizi myekundu. Nimelipiga picha na sikuiweka kwenye status. Nimemtumia Somoe peke yake. Amejibu, "Mashaallah, wifi. Mama amefurahi."

Unaona anavyojua ulivyofurahi? Hata hilo analijua yeye.

Nilidhani nikishajua haya wivu utaniisha, mama, lakini umezidi. Zamani nilimwonea wivu nikidhani umenibadilisha na yeye. Sasa najua kwamba kila ulichomfundisha ulikuwa unanifundisha mimi, kila tonge alilokulisha ulikuwa unalila mkononi mwangu. Mapenzi yote kwa binti yako yaliyobaki kichwani mwako ulinipa mimi, na aliyekuwepo kuyapokea ni mwingine. Nimempenda Somoe siku ile, nampenda. Ila ningempa sufuria zote nane zilizobaki, na hii moja, anipe siku moja tu katika zile zake, nimekaa jikoni, nikusikie unaniita kutoka uani.

Sufuria ipo hapa miguuni pangu. Ua la pili nalo linafungua mdomo. Uliwahi kunituma nikayatazame, nikakudanganya.

Abee, mama. Yameamka.

Binti yako,
Zuhura mwenyewe