Nimeonja Mimi Kwanza, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua ungeitikia, "Marahaba, mwana wanje, mwanangu," kisha, kabla hata ya kuuliza habari za wajukuu, ungetaka kujua kama urwarwa wetu wa ndizi umeiva. Basi hilo ndilo ninalokuandikia.

Siku ya kuganduka imepita. Tumeondoa matanga yako, na tumeyaondoa kwa pombe ya ndizi niliyoikamua kwa mikono yangu, si kwa kreti za bia kutoka Mwanga kama alivyotaka Baba mdogo. Yeye tangu aokoke hanywi hata togwa iliyolala, lakini kuwachagulia wenzake pombe alikuwa mstari wa mbele! Nikamwambia huyu tunayemuaga hakuwahi kunywa kitu asichomjua mpishi wake. Akaanza kuzungumzia mvua, na unamjua mdogo wako, akibadili mazungumzo ameshindwa.

Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi. Shangazi Anesia na ndugu wengine ambao bado wako kambi ya wakimbizi walipewa kibali cha kutoka siku ile tu, jioni wawe wamerudi. Na mvua ilikuwa imenyesha mfululizo hapa Mwandiga, baridi imeingia mpaka mtungini. Ndizi nilivundika mapema. Mtama wa kukaanga niliweka kwa kipimo chako. Mtungi niliufunika blanketi lako, lile la kijivu. Zaidi ya hapo ningefanya nini? Pombe haipigiwi honi.

Watu wakajaa uani, ndugu zetu tuliovuka nao mpaka upande mmoja, majirani zetu Waha, wenyeji wa hapa, upande wa pili, Mzee Bitama mbele yao. Mtungi ukawekwa katikati. Hakuna aliyegusa. Mwenye nyumba ndiye huonja kwanza, na mwenye nyumba alikuwa wewe. Wakamtazama Baba mdogo, naye akaitazama soda yake. Nikainuka, nikachomoa mrija wako palepale ulipozoea kuuchomeka, kwenye nyasi za paa.

Nikanywa ulivyonifundisha mwaka nilioolewa, uliponipokonya mrija kwa sababu navuta kama ndama. "Mwenye kiu apewe maji," ulisema. Kwanza unakaa chini. Unanusa. Unavuta kidogo, unaacha ikae ulimini, unaisikiliza. Utamu unatangulia, uchachu unafuata, na mtama unakuja mwisho kabisa, ukali wenye moshi kidogo, pale ambapo mwenye pupa ameshameza zamani.

Utamu ulikuja, Baba. Nikasubiri uchachu, ukachungulia tu. Nikasubiri mtama. Haukuja.

Ilikuwa bado. Nami watu wote wananitazama, na Shangazi amevaa kitenge chake kizuri, kibali amekikunja mkononi. Ningesema imeiva, nani angenibishia mbele ya msiba? Nilitamani sana kusema. Lakini wewe ulinifundisha kwamba anayeonja ni shahidi wa wote, na nyumbani kwako watu walikunywa wakiwa wamefumba macho kwa sababu hiyo. Nikasema, "Ndugu zangu, bado. Hii ni ya kesho."

Baba mdogo akajishika kichwa. Aliyecheka kwanza ni Shangazi, huku machozi yanamtoka. "Huyu ni kaka yangu kabisa! Tupeni huo utamu wake tunywe. Mirija yetu tunaiacha hapa, kesho mtatunywea." Wakanywa kidogo kidogo, wakaimba, kisha kila mmoja akauacha mrija wake mtungini. Gari la kuwarudisha kambini lilipoondoka nililia, wala sikujificha. Niliona nimewanyima kukuaga.

Kesho yake Mzee Bitama alifika kabla sijafagia uwanja. Nikaonja tena kwanza, nikasema imeiva. Akainama juu ya mtungi, akauliza, "Mrija wa dada yetu ni upi?"

Dada yetu, Baba. Alisema hivyo bila kutafuta neno.

Nikamwonyesha. Akakaa chini, akanusa, akavuta kidogo, akafumba macho akasubiri. Mkewe akashika mrija wa binamu yako. Wengine nao wakafuata, kila jirani akimnywea mmoja aliyerudi kambini na kumtaja jina kabla ya kuvuta. Hakuna mrija uliobaki mkavu. Hata Baba mdogo alinusa, akasema kunusa si dhambi.

Mirija yao nimeiosha, nimeichomeka kwenye paa, wako uko katikati. Wakipata kibali kingine nitakamua tena, na nitamwalika Mzee Bitama aje amrudishie dada yake mrija kwa mkono wake. Siku hiyo pia nitaonja mimi kwanza. Ikiwa imeiva nitasema imeiva, na ikiwa bado nitasema bado, hata gari liwe linanguruma mlangoni.

Lala salama, Baba. Nyumba yako ina mwonjaji.

Mwanao,
Konsolata