Sentensi Niliyoiongeza Katika Barua ya Bi Somoe

Faza, Jumatano, baada ya sala ya Alasiri. Mawingu mazito yametanda tangu asubuhi, wala halijaanguka hata tone.

Naandika ukurasa huu wa blogu yangu nikiwa na hofu, na kama ilivyo desturi yangu, nitaieleza kwa mpangilio.

Dakta Rukia, mzaliwa wa mji huu, hufundisha muziki katika chuo kikuu huko Nairobi na hutunga muziki wa okestra. Mwaka jana aliomba kurekodi vugo, yaani nyimbo za harusi, la shangazi yangu, Bi Somoe, ambaye huwaimbia wanawake tu, katika nyumba ya harusi, mlango umefungwa, pembe zikigongwa kwa vijiti. Marehemu mumewe hakupata kuusikia hata wimbo mmoja. Bi Somoe aliridhia kwa sharti: wasikie Rukia na wanafunzi wake wa kike, basi.

Barua ya idhini niliiandika mimi, mwandishi wa maombi na malalamiko niliyejifundisha mwenyewe. Sharti nililiweka. Lakini niliona sentensi ya mwisho imepungukiwa na uzito, nikaongeza: "na kwa matumizi mengine yoyote yatakayoonekana kufaa."

Niliipenda mno sentensi ile.

Nilipomsomea Bi Somoe niliiruka, maana alikwisha kuchoka. "Barua zako ndefu kama safari ya Kiunga," alinitania, akatia dole gumba.

Leo Dakta Rukia amenipigia simu kwa furaha. Utunzi wake mkubwa, ambao huenda ukampa uprofesa, utapigwa Jumamosi mbele ya umma, na sauti ya Bi Somoe yenyewe itatoka katika vipaza sauti, juu ya fidla. Nikamkumbusha sharti.

"Umelifungua mwenyewe, Bwana Shee. Barua yako ninayo hapa."



Punde Bi Somoe, ambaye naye alikuwa amepigiwa simu na Rukia, akapita mlangoni, amejaa bashasha. "Rukia atakuwa profesa kwa vugo langu! Lakini waume hawatasikia, au siyo, mwanangu?"

Nikajibu, "Inshallah."

Nimejificha nyuma ya neno tukufu.

Nimeanza kumwandikia Rukia ombi rasmi la kusitisha. Sijamaliza mstari wa kwanza, na nje, dukani kwa jirani, waume watatu wameinamia simu. Ni tangazo la Jumamosi. Pembe zinagongwa, kisha inapanda sauti ya shangazi yangu, changa kuliko umri wake.

"We! Huyu si Bi Somoe?" mmoja anacheka. "Hebu rudisha!"

Ukurasa huu sitauweka mtandaoni kabla shangazi hajayasikia haya kutoka kinywani mwangu. Nyumba yake ni vichochoro viwili kutoka hapa. Naondoka sasa, bila karatasi.

Nitaanza na neno gani?