Siku Tuliyoizima Programu ya Mzee Mutiso

Fedha, Nairobi
Jumapili

Baba mpendwa,

Hujambo wewe na Mama? Goti limekuachia ulale? Kwenye simu ukiniuliza habari nasema nzuri, kwa kuwa nyuma yangu huwa kuna watu wa ofisi. Leo sikwenda kanisani, nimekaa kukuandikia. Mimi ni mzima, ila nimechoka, Baba, uchovu usioisha kwa kulala.

Unajua kampuni yetu ya Baba Dogo inasambaza dawa kwenye kliniki. Kazi yote iliendeshwa na programu moja kubwa: oda, stoo, safari za magari, vyote vimefungamana, ukigusa hapa pale panasimama. Aliiandika Mzee Mutiso, Mkamba mpole aliyeanza hapo kama karani, akajifundisha mwenyewe. Mwaka huu meneja mpya akanipa mimi kazi ya kuikata vipande. Kila kipande kikae kwenye kontena yake. Si kontena za bandarini, ni namna ya kufungasha programu ili kimoja kikiharibika vingine viendelee. Na kila badiliko nikilimaliza liingie kazini lenyewe, bila mtu kuligusa tena. Mzee hakuulizwa. Akachukua likizo, nami nikashukuru kimoyomoyo.

Nilipofika kipande cha safari nikakuta mistari sita isiyo na maelezo, imetaja kliniki chache kwa namba. Nikaona ni takataka za zamani, nikafuta. Dakika chache tu, badiliko likawa limeshaingia kazini. Meneja akanipongeza.

Kesho yake asubuhi nikapewa simu. Alikuwa nesi wa kliniki moja ya Mathare.

"Dada, insulini yangu iko wapi? Watu wamekaa hapa tangu alfajiri, hawajala, wanangoja sindano."

Nikatazama. Ilikuwa imepangiwa gari la jioni. Nikamwambia inakuja.

"Inakuja saa ngapi? Mama mmoja ameshaanguka hapa!"

Tuliituma kwa pikipiki, ikafika. Yule mama alikimbizwa hospitali kubwa, akapona. Nilimpigia nesi kila siku mpaka akaniambia ameruhusiwa kwenda nyumbani. Lakini kwenye mkutano meneja alisema, "Ni ile programu mbovu ya mzee." Wote wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa rahisi kunyamaza, Baba. Nikasimama, nikasema, "Programu ya mzee haikukosea. Ni mimi niliyefuta."

Wakaninyang'anya uongozi wa kazi ile.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa Mzee Mutiso. Mkewe alinipa chai, yeye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kliniki hizo hazina friji," akasema. "Dawa lazima iende na gari la kwanza, itumike siku hiyohiyo. Ungeniuliza."

"Nilikuogopa, Mzee."

Akaniongezea chai. "Nami sikuandika sababu. Nilitaka waendelee kunihitaji."

Jumatatu akakatiza likizo yake, akarudi. Tukakaa meza moja wiki nyingi. Yeye anataja sababu, mimi naandika, kisha kila sababu tunaigeuza jaribio ambalo programu lazima ilipite kabla ya kuingia kazini. Kuna siku tulibishana mpaka hamu ya kula ikaisha. Macho yananiuma hata sasa, na kwenye mikutano jina langu halitajwi tena.

Juzi Ijumaa kipande cha mwisho kilihama. Ikabaki kuizima ile ya zamani. Nikamsogezea kibodi.

"Zima wewe," akasema. "Mimi niliiwasha."

Nikazima. Akaosha kikombe chake, akakifunga kwa gazeti, akaondoka kabla ya chakula cha mchana. Kumbe alikuwa ameshaandika barua ya kustaafu, hakumwambia yeyote kati yetu.

Tangu hapo nakuwaza wewe. Ulipostaafu reli nilikuwa shule ya bweni. Nilipofunga shule nikakukuta unalima, nikaona ni kawaida tu. Sijawahi kukuuliza siku ile ulirudije nyumbani, ulimkuta nani mlangoni, ulisema nini. Niandikie, Baba, hata kama ni ukurasa mmoja.

Nisalimie Mama, na Shangazi wa kibanda cha mboga, na kaka yangu mchomelea milango pamoja na mkewe. Mungu awatunze nyote hapo bomani.

Ni mimi, bintiyo uliyemfundisha kusoma saa,
Nekesa